FreeTaxUSA kwa aliyehamisha IRA kwenda Roth: hesabu ni sahihi, maswali yametawanyika

Kazi inayopimwa hapa ni moja. Mkazi wa Marekani ameweka pesa kwenye IRA ya kawaida (akaunti binafsi ya akiba ya kustaafu) bila kudai punguzo la kodi, kisha akazihamishia Roth (IRA ambayo pesa zake hulipiwa kodi kabla ya kuingia), na sasa anatakiwa kuliripoti jambo hilo kwenye ritani yake (taarifa ya kodi ya mwaka) bila kutozwa kodi mara ya pili kwa pesa ileile. Programu ni FreeTaxUSA, ya kampuni ya TaxHawk ya Provo, Utah. Mifano yote ni ya mwaka wa kodi 2025, ambao siku ya mwisho ya ritani zake ni Aprili 15, 2026.

Kazi hiyo inaiweza, na inaiweza vizuri. Ritani ya serikali kuu ni bure hata ikiwa na Fomu 8606 ndani yake, ambayo ndiyo huieleza IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ni pesa ipi ya IRA iliyokwishalipiwa kodi. Ya jimbo hulipiwa ada ndogo. TurboTax nayo huijaza fomu hiyohiyo, lakini si kwenye toleo lake la bure. Kwa mtu ambaye ritani yake ina W-2 (taarifa ya mshahara kutoka kwa mwajiri) moja au mbili, riba ya benki na uhamisho huu wa Roth, hatuoni sababu ya kulipa zaidi. Udhaifu wa FreeTaxUSA ni kwamba imeligawa jambo moja sehemu mbili zilizo mbali, na inaamini kila unachoiambia. Ukijibu swali moja vibaya itapiga hesabu safi kabisa ya jibu lako baya, na haitakushtua.

Wanaohitaji njia hii ni wale waliozidi kiwango cha kipato cha kuchangia Roth moja kwa moja. Kwa 2025, asiye na ndoa huanza kupunguziwa haki hiyo akifika dola 150,000 na huipoteza yote akifika 165,000; wanandoa wanaojaza pamoja ni 236,000 hadi 246,000. Nyumba ya wauguzi wawili wenye zamu za ziada hufika huko bila kujiona matajiri. Kuhamisha kutoka IRA ya kawaida kwenda Roth, kwa upande mwingine, hakujawekewa kiwango cha kipato tangu 2010. Ndiyo maana watu huweka dola 7,000 (au 8,000 kwa mwenye miaka 50 na zaidi) kwenye IRA ya kawaida, kisha huzihamisha.

Karatasi ya kuanzia ni 1099-R, taarifa ya pesa iliyotoka IRA, ambayo kampuni inayotunza akaunti huituma mwishoni mwa Januari. Isome kabla ya kufungua programu. Kisanduku 1 kitakuwa na 7,000. Kisanduku 2a, cha kiasi kinachotozwa kodi, nacho kwa kawaida kitakuwa na 7,000, na 2b kitakuwa kimewekewa alama kwamba kiasi hicho hakijathibitishwa. Kisanduku 7 kitakuwa na namba 2 kwa aliye chini ya miaka 59 na nusu, au 7 kwa aliyevuka umri huo, na alama ya IRA pembeni yake. Wengi wakiona 7,000 kwenye 2a hudhani kampuni imekosea. Haijakosea. Kampuni haijui kama ulidai punguzo la kodi kwa mchango ule au hukudai, kwa hiyo inakuachia uthibitishe mwenyewe. Iandike kwenye programu kama ilivyochapwa, neno kwa neno. Ukibadilisha 2a kuwa sifuri kwa mkono, nakala yako haitalingana na ile iliyo IRS, na barua ya kudai kodi ya ziada huzaliwa hapohapo. Mahali pa kueleza kwamba pesa hiyo ilikwishalipiwa kodi ni Fomu 8606.

Baada ya kuingiza 1099-R, FreeTaxUSA inakuuliza pesa hiyo uliifanyia nini. Chagua kwamba umeihamishia Roth, kisha andika kiasi kilichohamishwa. Kuna jibu jingine linalofanana na hili kwa sura, la kuhamisha pesa kutoka IRA ya kawaida kwenda IRA nyingine ya kawaida. Ukilibonyeza hilo, kodi itaonekana sifuri na utafurahi, lakini ritani itakuwa ya uongo: hakuna uhamisho wa Roth ulioripotiwa, na Fomu 8606 haitakuwa na sehemu ya pili.

Hapo ndipo kipimo cha marejesho juu ya skrini, yaani kiasi cha kodi utakachorudishiwa, kinaanguka. Kwa mtu wa daraja la kodi la asilimia 24 kinashuka dola 1,680 mara moja, kwa sababu programu bado haijui habari ya mchango wako. Laiti wangeweka sentensi moja hapo ya kusema "bado hujamaliza". Hawajaiweka, na sehemu ya michango ya IRA iko mbali, upande wa makato, katikati ya orodha ndefu ambayo mtu asiye na riba ya nyumba wala michango ya hisani huipita haraka. Anayeishia kwenye 1099-R analipa hiyo 1,680 bila sababu.

Nenda basi kwenye michango ya IRA, uandike 7,000 kwenye mstari wa IRA ya kawaida. Mstari wa Roth uache mtupu. Kosa tunaloliona kuwa la gharama kubwa kuliko yote ni hili: mtu anafungua akaunti yake, anaona pesa imekaa Roth, basi anaandika 7,000 kwenye mchango wa Roth pia. Pesa ilifika Roth kwa kuhamishwa, haikuchangwa huko. Programu ikiambiwa ilichangwa, na kipato kimezidi, itatoza faini ya asilimia 6, yaani dola 420, kupitia Fomu 5329. Faini hiyo hurudi kila mwaka mpaka irekebishwe.

Programu itauliza pia mambo mawili ambayo hayapo kwenye 1099-R. La kwanza ni kiasi cha pesa iliyokwishalipiwa kodi kilichobaki kutoka miaka iliyopita. Hicho hutolewa mstari wa 14 wa Fomu 8606 ya mwisho uliyojaza. Kama hujawahi kuwa na mchango wa namna hii, ni sifuri. La pili ni jumla ya thamani ya IRA zako zote za kawaida, SEP na SIMPLE (IRA za waliojiajiri na za biashara ndogo) siku ya Desemba 31, 2025. Soma tarehe hiyo kwa makini: haitakiwi thamani ya siku uliyohamisha, wala ya leo. Kama ulihamisha zote na zikabaki senti 38 za riba iliyoingia baadaye, andika sifuri; dola huandikwa nzima.

Sasa usiitume. Fungua menyu ya nukta tatu karibu na kipimo cha marejesho, uombe kuiona ritani kabla ya kutuma. FreeTaxUSA inaruhusu hili bila malipo, na kwetu hii ni sifa kubwa kuliko bei, kwa sababu skrini za maswali hazitoshi kukuhakikishia. Tafuta Fomu 8606 uiweke mbele ya macho. Kwa mfano wetu rahisi mstari wa 1 ni 7,000, wa 2 ni 0, wa 8 ni 7,000, wa 13 ni 7,000 na wa 14 ni 0. Kwenye sehemu ya pili, mstari wa 16 ni 7,000, wa 17 ni 7,000 na wa 18 ni 0. Kisha Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe: mstari 4a una 7,000 na 4b una sifuri au uko mtupu. Mwisho, mstari wa 20 wa Jedwali 1 (Schedule 1), wa makato ya IRA, uwe mtupu.

Huo wa mwisho una maelezo yake. Kama wewe na mwenzi wako hamna mpango wa akiba kazini, yaani kisanduku 13 cha W-2 zenu hakina alama ya mpango wa kustaafu, sheria inakuruhusu kukata mchango wote kwenye kipato hata ukipata milioni. Programu basi itaukata. Utaona 7,000 mstari wa 20 wa Jedwali 1, na 7,000 kwenye 4b. Kodi ya serikali kuu inatoka ileile kwa sababu moja imefuta nyingine, ila 4b isiyo sifuri humshtua mtu aliyetarajia sifuri. Mara nyingine kiini chake ni kidogo zaidi: kisanduku 13 cha W-2 kilikuwa na alama, na mtu akasahau kuiweka alipokuwa akinakili. Rudi ukaiangalie W-2 kabla ya kulaumu fomu.

Namba ndogo za ajabu nazo zina sababu. Tuseme pesa ilikaa wiki mbili kabla ya kuhamishwa, ikawa 7,012. Mstari wa 10 wa Fomu 8606 ni uwiano, 7,000 gawanya kwa 7,012, na fomu inaruhusu uandikwe kwa desimali tatu: 0.998. Zidisha kwa 7,012, unapata 6,998. Inayotozwa kodi inakuwa dola 14 badala ya 12, na dola 2 zinabaki mstari wa 14 kwenda mwaka ujao. Programu inayotumia desimali nyingi zaidi itatoa 12 kamili. Zote mbili ni sahihi. Na kwenye ritani zilizotoka TurboTax unaweza kukuta mistari ya 6 hadi 12 mitupu na kinyota kwenye mstari wa 13. Hesabu imefanyika kwenye karatasi ya pembeni ambayo maelekezo ya IRS yanairuhusu. Anayehamia FreeTaxUSA kutoka huko asidhani fomu yake ya mwaka jana ilikuwa na kasoro.

Mahali ambapo mambo huwa mazito kweli ni pale mtu anapokuwa na IRA nyingine. Hapa tunawaangalia hasa madereva wanaomiliki malori yao, ambao wahasibu wao waliwafungulia SEP IRA, na wauguzi waliobadilisha hospitali wakahamishia akiba ya zamani ya mpango wa kustaafu wa kazini, 403(b), kwenye IRA. IRS haikubali useme "nilihamisha zile 7,000 zilizolipiwa kodi tu". IRA zako zote huhesabiwa kama chungu kimoja, hata zikiwa kampuni tatu tofauti. Chukua dereva mwenye SEP ya dola 63,000 siku ya Desemba 31, aliyeweka 7,000 na kuhamisha 7,000. Mstari wa 6 ni 63,000, wa 8 ni 7,000, jumla mstari wa 9 ni 70,000. Uwiano wa mstari wa 10 ni 0.100. Kwa hiyo dola 700 tu ndizo hazitozwi; 6,300 zinatozwa, na kwa daraja la asilimia 24 hiyo ni kodi ya dola 1,512. Zile 6,300 nyingine zilizokwishalipiwa kodi hazijapotea: zimekaa mstari wa 14, zikisubiri. Lakini hakuna njia ya kuurudisha nyuma uhamisho; ruhusa ya kuutengua iliondolewa kuanzia 2018.

FreeTaxUSA inapiga hesabu hii bila kosa endapo utaandika 63,000. Ukiandika sifuri kwa kudhani swali linahusu akaunti ile moja uliyoihamisha, itakupa kodi sifuri na haitasema neno. Swali lao limeandikwa kwa usahihi, ila ni refu, na neno SEP limo katikati ya sentensi. Kwa mtu huyu dawa iko nje ya programu, na hutumika kabla ya Desemba 31: ahamishe pesa za SEP ambazo hazijalipiwa kodi kwenda 401(k) (mpango wa akiba ya kustaafu wa kazini), ya mwajiri inayokubali kupokea au ya mtu aliyejiajiri peke yake. Akiba ya 401(k) haiingii mstari wa 6. Wakati wa kujaza ritani, mwezi Machi, umechelewa kwa mwaka uliopita.

Wanandoa wajaze Fomu 8606 mbili, moja ya kila mmoja, hata kama ritani ni moja. SEP ya mume haigusi hesabu ya mke. Programu inauliza kila 1099-R ni ya nani na kila mchango ni wa nani, kwa vitufe vidogo viwili. Mchango ukienda kwa mume na 1099-R ikaenda kwa mke, mke anatozwa kodi kwa 7,000 zote, na mume anabaki na 7,000 kwenye mstari wa 14 ambazo si zake. Ukiona 4b ina 7,000 na huna IRA nyingine, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Mchango uliovuka mwaka unahitaji ritani mbili. Aliyeweka dola 7,000 mwezi Machi 2025 kwa ajili ya mwaka 2024, akahamisha Aprili 2025, anaripoti mchango kwenye ritani ya 2024: Fomu 8606 yenye mistari ya 1, 3 na 14 tu, kila mmoja 7,000. Uhamisho unaingia ritani ya 2025, na 7,000 inaanzia mstari wa 2. Mchango hufuata mwaka ulioutaja ulipoweka. Uhamisho hufuata kalenda. Akaunti nyingi hukuuliza mwaka siku ya kuweka, na jibu lako linabaki kwenye rekodi zao. Aliyetumia FreeTaxUSA mwaka uliotangulia huletewa salio la mstari wa 14. Ahakikishe bado limo, hasa kama alifanya marekebisho baadaye.

Waliochangia Roth moja kwa moja kisha wakagundua kipato kimezidi wana safari ndefu kidogo. Tuseme 7,000 ziliingia Roth Februari, Novemba zikarejeshwa IRA ya kawaida zikiwa 7,400, Desemba zikahamishiwa Roth. Zitakuja 1099-R mbili: moja yenye herufi N na sifuri kwenye 2a, nyingine yenye namba 2. Kwenye michango, andika 7,000 kama ya Roth, kisha jibu kwamba uliibadili kuwa ya IRA ya kawaida. Hapa ndipo pekee mstari wa Roth unapojazwa. Mstari wa 1 wa Fomu 8606 uwe 7,000, usiwe 7,400. Faida ya 400 ndiyo inayotozwa kodi. Ritani inatakiwa kuambatana na maelezo mafupi yenye tarehe na viasi. Yaandike kwa sentensi tatu kavu. Kama mabadiliko yalifanyika mwaka uliofuata, 1099-R itakuwa na herufi R na itachelewa kufika. Usiisubiri, ripoti mchango kwenye ritani ya mwaka wake.

Kodi iliyozuiliwa pia huvuruga. Usipokataa, kampuni huweza kuzuia asilimia 10. Kwenye 7,000, dola 700 zinakwenda IRS na 6,300 tu zinafika Roth. Swali la kiasi kilichohamishwa lijibiwe 6,300. Zile 700 ni pesa iliyotolewa, mstari wa 7, na sehemu yake yoyote inayotozwa kodi hubeba faini ya asilimia 10 kwa aliye chini ya miaka 59 na nusu. Una siku 60 za kuziba pengo hilo kwa pesa ya mfukoni.

Uhamisho uliofanyika ndani ya 401(k) ya kazini ni jambo jingine: herufi G, mistari ya 5a na 5b, na Fomu 8606 haihusiki.

Kwa upande wa jimbo, Texas na Washington hazina kodi ya mishahara, hivyo hata ile ada ya jimbo huilipi. Majimbo mengi hufuata namba ya serikali kuu. Lakini Wakenya wa Lowell na wa Jersey City wasipite haraka, kwa sababu Massachusetts na New Jersey hazikubali kabisa mchango wa IRA ukatwe kwenye kipato. Hata mchango uliokatwa kwa serikali kuu, kwa jimbo ulikwishalipiwa kodi. Skrini za jimbo huuliza kiasi hicho, na ukiacha sifuri jimbo linakutoza pale lisipostahili. Hapa FreeTaxUSA imetoa maelezo machache mno. Fungua maelekezo ya jimbo lenyewe.

Anayejaza 1040-NR, ritani ya asiye mkazi, hana la kufanya na programu hii. Na anayezijua fomu vizuri, asiyehitaji kuulizwa maswali, anaweza kutumia fomu za kujazia mtandaoni za IRS, ambazo ni bure bila kujali kipato, ingawa hazina ritani ya jimbo na hazitakukosoa.

Kama umesoma hadi hapa ukagundua miaka ya nyuma hukuwahi kujaza Fomu 8606, bado inajazika. Kwa mwaka ambao uliweka mchango tu, bila kuhamisha, fomu hutumwa peke yake ikiwa na sahihi kwenye ukurasa wake wa pili, ukitumia toleo la mwaka ule. Faini ni dola 50 kwa kila fomu, na husamehewa kwa sababu ya msingi. Kwa mwaka ambao ulihamisha na kulipa kodi usiyodaiwa, jaza 1040-X, fomu ya marekebisho, ndani ya miaka 3 tangu ulipotuma ritani. FreeTaxUSA hulipisha marekebisho, isipokuwa kwa aliyenunua toleo lao la Deluxe, lisilofika dola 10. Mwenye uhamisho wake wa kwanza tunamshauri alinunue, kisha akusanye 1099-R, taarifa ya akaunti ya Desemba 31 na Fomu 8606 za miaka yote kwenye jalada moja.